Sasisho likigoma: njia ipi uanze nayo, ipi uiache iwe ya mwisho

Wiki ya kukabidhi tafiti ndiyo wiki ambayo steshenari yangu hapa Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, hupokea mashine nyingi zilizokwama. Mwaka jana, siku moja, ziliingia mbili. Asubuhi alikuja kijana wa mwaka wa tatu na kompyuta mpakato iliyokuwa ikiandika kwamba inatengua mabadiliko, inazima, inawaka, kisha inaandika yale yale. Mchana akaingia dada mmoja wa Nkuhungu na simu ya Android. Ya kijana ilipona jioni ile ile, na utafiti wake wote ulikuwamo. Ya yule dada haikuwa na tatizo la sasisho tena. Ilikwama kwenye nembo siku mbili kabla, akaipeleka kwa fundi mjini, fundi akaifuta, ikawaka. Alichokileta kwangu ni simu tupu inayomdai akaunti ya Gmail asiyoikumbuka, kwa sababu aliyemuuzia ndiye aliyemfungulia. Picha za marehemu baba yake zilikuwa humo, na hakuwa amezihifadhi mahali pengine.

"Dada, kwani hapakuwa na njia nyingine?" aliniuliza.

Zilikuwapo, tena zaidi ya moja. Wengi wetu hatujawahi kuwekewa njia hizo pamoja tukaona ipi inagharimu nini. Mimi nazipima kwa swali moja kabla ya mengine yote: je, njia hii inagusa mafaili yangu? Bei, muda na bando huja baadaye.

Imegomea wapi?

Tunasema "apdeti imegoma" kwa mambo matatu yasiyofanana: kugoma kupakua, kugoma kusakinisha, na kugoma kuwaka.

Kugoma kupakua ndiko kwepesi kuliko yote, na hapo usifute chochote wala usimlipe mtu. Chanzo huwa mtandao, nafasi au saa. Mtandao na nafasi kila mtu anavijua. Saa ndiyo inayosahaulika. Kompyuta za mezani tunazonunua zikiwa zimeshatumika huwa na betri ndogo ya duara, CR2032, inayoilinda saa mashine ikiwa haina umeme. Betri hiyo ikifa na umeme ukakatika usiku, asubuhi kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka 2012. Seva za masasisho hujitambulisha kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo mashine iliyorudi 2012 inaona cheti ambacho hakijaanza kutumika, inakikataa. Niliwahi kukaa na moja saa nzima nikibadilisha hotspoti hii na ile, kumbe tarehe ilikuwa imeandikwa pale kona ya chini kulia. Rekebisha saa, weka betri mpya, jaribu tena. Kwenye simu, washa saa inayojipanga yenyewe kutoka mtandaoni.

Kugoma kusakinisha ni pale faili limeshuka lote, kazi imeanza, halafu mashine ikarudi toleo la zamani na kukuachia ujumbe wa kosa. Hapa huna dharura. Simu au kompyuta bado inafanya kazi, na una muda wa kunakili mafaili yako kabla ya kugusa jambo jingine lolote. Utumie muda huo. Kesho huenda usiwe nao.

Kugoma kuwaka ndiko kunakotia hofu, na hofu ndiyo inayofutisha mafaili ya watu. Nembo iliyoganda au kioo cheusi maana yake mfumo endeshi haukufika mwisho wa kuwaka. Mara nyingi picha na nyaraka zako bado zimelala pale pale zilipokuwa jana.

Kusubiri au kuzima kwa nguvu

Kwa kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka, nasubiri hata saa tatu. Naangalia kile kitaa kidogo cha diski: kikipepesa, kazi inaendelea hata kama asilimia imesimama kwenye 30 tangu adhuhuri. Kwa mashine yenye SSD, ile diski mpya isiyozunguka, saa moja na nusu inanitosha. Kitaa kikiwa kimya muda wote huo, ndipo nashikilia kitufe cha kuwashia hadi mashine izime.

Kwa simu, jibu linategemea imejengwaje. Kuanzia Android 7.0 ya mwaka 2016, Google ilileta mpangilio ninaoupenda kuuita wa vyumba viwili. Mfumo unaoutumia unakaa chumba kimoja, sasisho linaandikwa chumba cha pili wakati wewe unaendelea na WhatsApp, na ukiwasha upya simu inahamia huko. Ikishindwa kuwaka huko, inarudi yenyewe chumba cha kwanza. Si kampuni zote zilizoufuata mapema, lakini utaujua kwa macho. Simu inayosakinisha huku unaendelea kuitumia ni ya vyumba viwili, na betri ikiisha katikati hakuna msiba. Ile inayojizima, ikaonyesha mstari au asilimia kwa dakika kumi na zaidi bila kukuruhusu kugusa kitu, inaandika juu ya mfumo wake wenyewe. Hiyo usiizime, na usiianzishie kazi hiyo ikiwa na chaji chini ya nusu.

Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika), sasisho kubwa, na mchana wa radi za Januari: vitu hivi vitatu mimi siviweki pamoja. Nasubiri mawingu yatulie au naazima UPS kwa jirani.

Bando, Wi-Fi au kubeba kwa flashi

Sasisho la usalama la mwezi kwenye Android mara nyingi ni mamia ya MB. Toleo jipya zima la iPhone ni GB kadhaa, na faili zima la kusakinisha Windows 11 linazidi GB 5. Kwa mizigo hiyo, bando la mchana ni kuchoma hela. Bando la usiku ni nafuu na mtandao haujasongamana, ila uache simu kwenye chaja na uamke alfajiri kuangalia. Wi-Fi ya ofisini au ya chuo haikugharimu kitu, lakini watu wakiwa wengi inatambaa, na upakuaji unaokatika-katika ndio unaozaa mafaili mabovu.

Kwa Windows kuna njia ambayo wenye mashine zaidi ya moja wengi hawaijui: kupakua mara moja na kubeba. Microsoft ina katalogi ya masasisho mtandaoni. Unaandika namba ya sasisho, ile inayoanza na KB, unachagua linalolingana na toleo lako na aina ya prosesa yako, unashusha faili la .msu, unaliweka kwenye flashi, kisha unalibofya kwenye kila mashine. Kompyuta zangu nne nazihudumia hivyo. Sekondari ya Bahi au Chamwino yenye maabara ya kompyuta 20 na modemu moja ingelipia upakuaji mmoja badala ya 20. Ukibeba faili zima la Windows, angalia flashi yako imefomatiwa vipi: mfumo wa FAT32 haupokei faili moja lenye zaidi ya GB 4, na watu hudhani flashi ni mbovu. Ifomati kwa exFAT au NTFS.

Jambo moja dogo linalosumbua sana wanafunzi. Ukiwa umeiambia Windows kwamba hotspoti yako ni muunganisho wa kulipia kwa kipimo, yenyewe inajizuia kupakua masasisho mengi. Hapo hakuna kilichogoma. Iruhusu tu siku ukiwa na bando la kutosha.

iPhone: hewani au kwa waya

iPhone nyingi zinazouzwa hapa mjini zimeshatumika kwingine, na nyingi ni za GB 64. Kusasisha hewani kunataka nafasi ndani ya simu yenyewe, ya faili linaloshuka na ya kulifungulia. Kwa waya, faili linashukia kwenye kompyuta, na simu inahitaji nafasi ndogo zaidi. Kwa hiyo aliyejaza simu yake asianze kufuta picha za harusi; atafute waya. Kwenye Mac utatumia Finder kuanzia macOS Catalina ya 2019, na kwenye Windows iTunes au programu ya Apple Devices.

Kama sasisho limeshashuka hewani na linagoma kusakinishwa, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi ya iPhone, litafute faili la sasisho kwenye orodha, lifute, kisha pakua upya. Hapo hakuna picha hata moja inayoguswa.

Simu ikikwama kwenye tufaha, waya ndiyo njia ya kutegemea nyumbani. Kwa iPhone 8 na zilizofuata: chomeka kwenye kompyuta, bonyeza na uachie sauti juu, bonyeza na uachie sauti chini, kisha shikilia kitufe cha pembeni. Usiachie hata tufaha likitokea. Ngoja picha ya waya na kompyuta. Kompyuta itakuwekea vitufe viwili, Update na Restore, vimekaa jirani, na tofauti yake ni picha zako zote. Update inaandika iOS upya na kuviacha vitu vyako. Restore inafuta. Anza na Update.

Kuna mtego hapa kwa sisi wa mtandao wa taratibu. Upakuaji ukizidi dakika 15, simu inatoka yenyewe kwenye hali ile. Haijaharibika. Iache kompyuta imalize kupakua, halafu rudia vitufe vile vile kwa mpangilio ule ule. Nimeshuhudia mtu akibonyeza Restore kwenye hatua hii, akiamini Update imeshindwa, na alikuwa na picha za miaka minne humo.

Android: mistari miwili iliyo jirani

Simu ya Android iliyokwama kwenye nembo huingizwa kwenye menyu ya uokoaji kwa kushikilia kitufe cha kuwashia pamoja na kimoja cha sauti. Mchanganyiko wenyewe hutofautiana kwa kampuni. Kioo kinakuwa cheusi, maandishi madogo, na huwezi kugusa. Unapanda na kushuka kwa vitufe vya sauti, unakubali kwa kitufe cha kuwashia. Kwenye simu nyingi za zamani utakuta mistari miwili inayofuatana. Mmoja umeandikwa Wipe cache partition, mwingine Wipe data/factory reset. Wa kwanza unasafisha mabaki ya muda ya mfumo na hauondoi picha wala namba za simu. Wa pili unaondoa kila kitu. Kidole kikibonyeza sauti mara moja zaidi, umehama kutoka mmoja kwenda mwingine. Ninapofanya kazi hii huwa nausoma mstari kwa sauti, mteja akiwa ananisikia, kabla ya kukubali.

Simu nyingi mpya hazina tena mstari wa cache. Kwa hizo, kabla ya kufikiria kufuta, jaribu kuandika mfumo upya bila kufuta data, kile mafundi wanachokiita kuflashi. Nikiweka kufuta na kuflashi ubavu kwa ubavu, kuflashi kunashinda kwa mafaili lakini kunataka mtu anayejua anachobofya. Kwenye Samsung, programu ya Odin hupakiwa faili la eneo, yaani la mipangilio ya nchi na mtandao, linalokuja kwa namna mbili: CSC inafuta data, HOME_CSC inaiacha. Herufi nne tu. Kwenye simu zenye chipu ya MediaTek, ambazo ni nyingi sana mitaani kwetu, programu ya SP Flash Tool ina chaguo la Download Only na chaguo la Format All. Hilo la pili halifuti picha tu. Linaweza kufuta hata sehemu inayotunza IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na simu isiyo na IMEI haishiki mtandao. Piga *#06# kabla ya kuiacha simu kwa fundi, nakili namba zinazotokea, na upige tena siku ya kuichukua. Wanaokumbuka tarehe 16 Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchi nzima, wanajua IMEI si namba ya mapambo.

Kufuta kuna gharama mbili za ziada ambazo huwa hazitajwi mteja anapoulizwa "nifomati?" Ya kwanza ni ile iliyomkuta dada wa Nkuhungu. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kupitia menyu ya uokoaji inadai akaunti ya Google iliyokuwamo kabla. Kama hujui nenosiri, una simu nzima usiyoweza kuitumia. Ya pili inauma zaidi: simu zote zilizotoka kiwandani na Android 10 kwenda mbele husimba data kwa lazima, yaani huifunga isisomeke bila ufunguo, na kufuta kunaharibu ufunguo wa kusimbua. Zile programu zinazojitangaza kurudisha picha zilizofutwa haziwezi kitu hapo. Nilizijaribu tatu kwa ajili yake, najua.

Swali ninaloulizwa kila mara ni "na hela zangu?" Salio la M-Pesa, Airtel Money au Mixx liko kwa kampuni, limefungwa kwenye namba yako. Kufuta simu hakuligusi. Ila meseji za miamala zinaondoka, na kwa mfanyabiashara hizo ni daftari la mauzo.

Windows: njia sita

| Njia | Mafaili yako | Programu zako | Bando |
|---|---|---|---|
| Kuondoa sasisho la mwisho | yanabaki | zinabaki | hakuna |
| Kuanzisha upya folda ya masasisho | yanabaki | zinabaki | sasisho linashuka upya |
| Amri za ukarabati: DISM, kisha sfc | yanabaki | zinabaki | kiasi |
| Kusakinisha Windows juu yake yenyewe | yanabaki | zinabaki | zaidi ya GB 5 |
| Reset kwa kubakiza mafaili | yanabaki | zinaondoka | hakuna, au GB kadhaa |
| Kufomati | yanaondoka | zinaondoka | zaidi ya GB 5 |

Mstari wa tano ndio unaowaponza wasomi wetu. Wanasoma "Keep my files" na kutulia. Mafaili kweli yanabaki, lakini programu ya takwimu, Office iliyolipiwa na idara, na draiva ya printa vinaondoka, na mwanafunzi anakuwa na sura ya nne ya utafiti bila programu ya kuifungulia. Mstari wa nne unafanya ukarabati ule ule na kubakiza vyote, kwa sharti moja: Windows iwe bado inawaka, uanzishe setup kutoka ndani yake, na uchague kubakiza mafaili na programu. Kwangu mimi, mashine ikiwa bado inawaka, wa nne unautangulia wa tano siku zote.

Folda ya masasisho inaitwa SoftwareDistribution na inakaa ndani ya C:\Windows. Simamisha huduma za wuauserv na bits, kisha ibadilishe jina iwe SoftwareDistribution.old. Usiifute. Windows itajitengenezea mpya, na ya zamani ipo ukihitaji kurudi. Kwa mafaili ya mfumo yaliyoharibika kuna amri mbili, na mpangilio wake una maana: kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, inayoleta vipuri vizima kutoka kwa Microsoft na kwa hiyo inataka intaneti, kisha sfc /scannow, inayotumia vipuri hivyo kurekebisha palipoharibika. Ukizigeuza, sfc inachukua kipuri kibovu kutoka stoo mbovu. Mnakumbuka uboreshaji wa mita za LUKU mwaka 2024: makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kwanza ya kuiandaa mita, la tatu la uniti, na ilibidi yaingie kwa mpangilio. Ni jambo la namna hiyo.

Kabla ya lolote, soma namba ya kosa. 0x80070070 ni nafasi imeisha, basi. Ondoa video, jaribu tena. Januari 2024 sasisho la KB5034441 lilileta kosa 0x80070643 kwenye kompyuta nyingi duniani, na sababu ilikuwa sehemu ya diski ya uokoaji kukosa MB 250 za nafasi. Kompyuta zenyewe zilikuwa nzima. Aliyekimbilia kufomati alipoteza vitu vyake kwa ajili ya MB 250.

Sasa yule kijana wa asubuhi. Mashine yake ilikuwa inazunguka tu, kwa hiyo nilianza na utafiti wake. Niliikatisha kuwaka mara tatu kwa kitufe hadi ikaleta skrini ya ukarabati. Nikaingia kwenye dirisha jeusi la amri, nikaandika notepad. Kile kidaftari kikafunguka. Kidaftari kina sehemu ya kufungua faili, na sehemu hiyo, ukiiambia ionyeshe mafaili ya aina zote, inakuwa dirisha la kutembelea diski nzima. Diski iliyokuwa C ilionekana kama D, jambo la kawaida kwenye hali ile. Tukalitafuta folda lake, nikalinakili, nikalibandika kwenye flashi yake. Dakika nne. "Dada, imeingia?" Nikachomoa flashi, nikaifungua kwenye kompyuta yangu, akaiona sura ya kwanza hadi ya tano kwa macho yake. Baada ya hapo hata mikono yangu ilikuwa mepesi. Niliondoa sasisho la mwisho kupitia menyu ile ile, mashine ikawaka, nikafanya DISM na sfc, na usiku sasisho lile lile likaingia bila kelele. Kunakili nilimtoza shilingi 5,000.

Njia hiyo ina mlango mmoja unaoweza kufungwa. Kompyuta nyingi za siku hizi zimesimbwa kwa BitLocker, na skrini ya ukarabati itadai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingia nayo siku ya kwanza. Uutafute leo mashine ikiwa nzima, uuandike kwenye karatasi, uweke karatasi nyumbani.

Leo au wiki ijayo

Wapo wanaoniambia, baada ya kuumwa na sasisho, kwamba wameyazima yote. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Kirusi cha WannaCry, kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilipoenea Mei 2017, kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Walioumia zaidi ni ambao hawakukiweka. Upande wa pili, tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Matukio yote mawili ni ya kweli, na kati yake mimi nimechagua wiki moja. Windows inakuruhusu kusitisha masasisho hadi wiki tano. Nasitisha kwa moja, naona wenzangu wanasemaje, kisha naruhusu. Viraka vya usalama vya simu sivicheleweshi hata hiyo wiki.

Kuna pia kugoma ambako hakuna dawa. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, na mashine isiyo navyo haijakosea kitu. Imefika mwisho wa barabara yake. Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwenyewe au fundi

Chochote kinachobakiza mafaili kwenye jedwali la juu, kifanye mwenyewe au na mtu unayemwamini aliyekaa ubavuni. Kuandika mfumo wa simu kwa Odin au SP Flash Tool, mpe fundi, isipokuwa umeshafanya kabla. Kati ya fundi wa mtaani na duka lenye dhamana, simu ikiwa bado ndani ya dhamana nenda dukani kwanza, kwa sababu simu iliyofunguliwa au kuandikwa na mwingine huweza kukataliwa baadaye. Dhamana ikiwa imeisha, fundi wa mtaani anayejua kazi ni mzuri sawa, na mara nyingi ana subira zaidi.

Ila usimwambie "nitengenezee" ukaondoka. Toa laini na memori kadi, ondoka navyo. Mwambie kwa maneno haya haya: mafaili yangu yana thamani kuliko simu, usifute bila kunipigia. Muulize ataandika mfumo kwa njia inayobakiza data au inayofuta. Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa. Atakujibu kwa jina la faili. Akisema zote ni sawa, chukua simu yako.

Dada wa Nkuhungu tulimpatia akaunti yake. Tulimpigia aliyemuuzia simu, naye alikuwa ameiandika kwenye daftari la duka. Tuliingia kwa matumaini kwamba picha zilipandishwa kwenye Google; hazikuwa zimepandishwa hata moja. Tukaanza kuwapigia ndugu. Shangazi yake wa Mpwapwa alikuwa na nne alizotumiwa kwa WhatsApp mzee alipokuwa akiugua, na mdogo wake aliyeko Manyoni alikuwa na video ya sekunde 20, mzee kaketi kwenye kigoda kivulini, anacheka na mtu asiyeonekana. Tulivinakili kwenye flashi, tukavipandisha kwenye akaunti ile ile, na zile nne nikamchapia kwenye karatasi ya picha.